Boliti za Loki

Siti alikuwa amekwisha kunawa mikono ndipo alipoiona spana namba kumi. Ilikuwa juu ya tambara, kando ya kikombe cha plastiki alichomnyweshea maji yule mama mtu mzima, nayo ilikuwa safi kama alivyoitoa kwenye boksi. Akaitazama. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, kana kwamba mkono ndio ungemwambia.

Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Vumbi lake la pembeni mwa barabara lilikuwa limetua zamani.

Lilikuwa gari dogo, Carina nyeupe ya zamani, na mwenyewe aliitwa Xaveri, Mmatumbi wa Kipatimu aliyehamia Mbagala miaka mingi. Alikuwa anampeleka mama yake, Bi Getrude, Lindi. Kesho yake asubuhi kitindamimba wa Bi Getrude alikuwa anapewa upadri huko, na mama aliyemzaa alikuwa na miguu mibovu isiyoweza kuhimili basi. Akakalishwa kiti cha mbele, mke wa Xaveri, Lightness, akakaa nyuma na mizigo, wakatoka Dar alfajiri. Walipofika Somanga wakasimama kula samaki, na Xaveri akauliza fundi yuko wapi.

"Ni boneti," alimwambia Siti. "Tangu Mkuranga inacheza. Nikifika themanini inatetemeka. Nikifika mia inapiga kelele kama bati linalotaka kung'oka paani. Mama anasali rozari tangu Ikwiriri."

Siti aliifungua akaona ugonjwa bila kuhangaika. Gari liliwahi kugongwa mbele, likanyooshwa ovyo. Mipira ya kukalia boneti ilikuwa imekwisha, na loki yenyewe, ile ya kuishika boneti pale mbele juu ya rejeta, ilifungwa juu kuliko inavyotakiwa. Boneti ilikuwa imeshikwa lakini haijabanwa. Upepo ukiingia chini yake, inacheza. Akakata soli ya kandambili kuukuu akatengeneza mipira mipya. Akalegeza boliti tatu za loki, akaishusha kidogo, akazishika boliti kwa vidole tu, akafunga boneti kupima. Bado. Akafungua, akashusha tena, akazishika tena kwa vidole, akafunga. Hapo ikakaa. Kilichobaki kilikuwa kuifungua mara ya mwisho na kukaza kwa spana.

Ndipo Lightness alipoita. Mama alikuwa amelegea kitini, jasho linamtoka, macho yamepanda juu. Siti aliiweka spana palepale, akakimbilia maji. Wakamtoa mama garini, wakamlaza kivulini, wakamlowesha shingo na kifua, wakampepea, mpaka akafumbua macho akamshika Siti mkono na kusema, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Walipomrudisha garini, Xaveri alikuwa amekwisha kuwasha injini. Alishuka, akaiegemea boneti kwa viganja vyote viwili, akaisukuma. Haikutikisika.

"Imetulia kweli. Tayari?"

"Tayari," Siti alisema. Na kwa sababu moyo wake ulikuwa mweupe saa ile, akaongeza: "Sasa hata mia na ishirini, wewe kanyaga tu."

Sasa alisimama na spana mkononi akijaribu kukumbuka alipokaza. Labda nilikaza, aliwaza. Labda nilikaza kabla ya kukimbilia maji, nikaifuta spana. Lakini hakuwa mtu wa kufuta spana. Na vidole vyake vilikuwa bado vinakumbuka ule mzunguko mwepesi wa boliti inayoingia bila kupingwa.

Kilichomkausha mate si boneti kuanza kucheza upya. Ni kwamba kwenye gari lile kile kindoano cha akiba, cha kuizuia boneti isifunuke loki ikishindwa, kimefungwa kwenye loki hiyohiyo. Boliti zikitoka, vyote vinatoka pamoja. Boneti ingefunuka yote, ikagonga kioo cha mbele. Na nyuma ya kioo, upande wa kushoto, amekaa Bi Getrude.

Akampigia Xaveri simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Ng'ambo ya barabara ilikuwa gereji ya Bakary.

Bakary ndiye aliyemfundisha Siti kazi. Alimpokea wakati mafundi wengine walipocheka, akamvumilia, na Siti alipoiva akahama, akafungua gereji yake usoni mwake, akaondoka na baadhi ya wateja. Tangu hapo yalibaki maamkizi tu. Bakary hakumsema vibaya, ila watu wa Somanga walisema kwa niaba yake: mwanamke atafanya hiki, hataweza kile, siku moja atamuua mtu. Siti aliyajua maneno hayo. Alijua pia kwamba Bakary ana pikipiki, na yeye hana.

Akavuka barabara na spana mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Bakary alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Nimeachia gari sijakaza boliti za loki ya boneti. Limeelekea Lindi. Simu hapokei."

Miguu ikatulia. Kisha Bakary akajivuta nje, akakaa, akamtazama. Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri lori lao wakageuka kusikiliza.

"Zote?"

"Zote tatu. Nimezishika kwa vidole."

"Ulimwambia aende taratibu?"

"Nimemwambia hata mia na ishirini akanyage."

Bakary aliinuka, akachukua jaketi lake jeusi, akajifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, akaitoa pikipiki. "Panda," alisema. Mmoja wa wale wenye lori akaanza kulalamika. Bakary akawasha, sauti ya injini ikammeza.

Waliondoka Somanga kama walivyo, bila kofia. Siti alikuwa amemshika Bakary kiunoni kwa mkono mmoja, mkono mwingine unapiga simu. Upepo ulimtoa machozi. Kila walipolipita lori alichungulia mbele, na mbele ilikuwa lami tupu, mikorosho kulia na kushoto, mtu na baiskeli ya mkaa. Alikuwa anatazama pembeni mwa barabara pia. Hakutaka kuona kitu cheupe kwenye majani, lakini alitazama.

Aliwaza boliti. Alijua zinavyokwenda. Hazitoki mara moja. Gari likiruka kwenye kiraka zinazunguka kidogo, likiruka tena zinazunguka kidogo, na mtu aliye ndani haoni kitu, anafurahi kwamba boneti imetulia, anaongeza mafuta.

Walipofika Tingi askari wa usalama barabarani akatoka kivulini, akanyoosha mkono.

Bakary alipunguza, na Siti alihisi mgongo wa Bakary ukikakamaa. Alikuwa anafikiria kupita. Hakupita. Akasimama.

"Kofia ngumu ziko wapi?" askari aliuliza. "Na wewe, mbona umejificha uso?"

Bakary alishusha kitambaa, akageuza shingo akamwachia Siti nafasi ya kusema. Palikuwa na watu pale, wauza korosho na wasubiri magari, wote macho kwao.

"Afande, mimi ni fundi," Siti alisema. "Kuna gari nimelitengeneza vibaya, boneti yake itafunuka njiani. Carina nyeupe. Mbele amekaa mama mtu mzima. Tunalifukuza."

"Mama wa rozari?" askari aliuliza. "Gari hilo nimeliachia sasa hivi. Nilimsimamisha mwenyewe nikakagua mtungi wake wa kuzimia moto." Akatazama barabara ya kusini, kisha akamtazama Siti tangu kichwani hadi kwenye ovaroli yake. "Nendeni. Nikiwaona tena bila kofia nawaweka ndani." Walipoondoka alikuwa tayari amebandika simu sikioni, anamtafuta mwenzake wa mbele.

Sasa hivi, alisema. Siti alilishikilia neno hilo. Bakary alipandisha kitambaa chake, akaikamua pikipiki mpaka ikaanza kulia, na barabara ikaanza kuteremka kuelekea bonde la Matandu, imenyooka, na huko mbele kabisa, Siti akakiona kitu cheupe kinachometa.

"Ndilo," alimpigia kelele Bakary sikioni.

Gari halikuwa linakwenda kasi sana. Walilikaribia. Bakary akawasha taa, akazima, akawasha, akabonyeza honi bila kuiachia. Siti alitia simu mfukoni, akapunga mkono mwingine. Alikuwa ameishika spana bado. Hakujua kwamba ameishika.

Carina ikaongeza mwendo.

Bakary naye akaongeza. Kwa muda wakalikaribia tena, karibu kiasi cha Siti kukiona kichwa cha Lightness kimegeuka nyuma kuwatazama kupitia kioo, mdomo wazi. Kisha gari likavuta zaidi, likaanza kuwaacha. Ndipo Siti alipojiona kama walivyomwona wao. Pikipiki bila kofia, mtu mwenye jaketi jeusi, uso umefungwa kitambaa, nyuma yake mtu anapunga chuma. Barabara tupu, porini.

Gari lilipinda kidogo kukwepa shimo, na kwa ubavu ule Siti akaiona boneti. Mstari mweusi ulikuwa umetokea kati yake na taa ya mbele. Ukafumba. Ukafumbua, mpana zaidi.

"Punguza," alisema.

"Tumemfikia," Bakary alijibu. "Nampita kwenye kona ile."

"Anatukimbia sisi, fundi. Sisi ndio tunaomuua. Simama."

Bakary alisita, na pikipiki iliendelea kwa kasi ileile. Siti akampiga bega kwa nguvu ambazo hakuwahi kufikiri angempiga nazo mtu aliyemfundisha kazi. Bakary akaachia mafuta. Pikipiki ikapungua, ikapungua, ikasimama kando ya barabara, na gari jeupe likazidi kuwa dogo mbele yao likiwa na boneti yake.

Hakukuwa na kitu kigumu zaidi ya kusimama pale. Siti alitoa simu. Kwa haraka akabonyeza namba isiyo yenyewe, akakata, akaitafuta tena ya Xaveri.

Iliita mara moja tu.

"Haloo." Ilikuwa sauti ya Bi Getrude. Baadaye Siti alikuja kuambiwa kwamba Xaveri alikuwa amemtupia mama simu awapigie polisi. "Nani? Tunafukuzwa na majambazi huku."

"Mama, ni mimi Siti, fundi wa Somanga. Niliyekupa maji. Hao si majambazi, ni sisi. Mmetuona tumesimama?"

"Lightness anasema mmesimama."

"Mama, nisikilize. Boneti haijafungwa vizuri. Mwambie Xaveri aondoe mguu kwenye mafuta. Asikanyage breki kwa ghafla. Aache gari lipungue lenyewe, ashike usukani uende moja kwa moja. Na wewe, mama, inama, jifunike uso kwa khanga."

Bi Getrude hakuuliza kwa nini. Siti alimsikia akiongea Kimatumbi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto asogee mbali na moto. Alimsikia Xaveri akijibu kwa ukali, na mama akirudia maneno yaleyale, taratibu vilevile.

Kisha ukaja mlio. Haukuwa kama alivyoutazamia. Ulikuwa mzito na mfupi, kama mlango wa kontena unaofungwa, na baada yake Lightness akipiga kelele, na kitu kinaburuzika muda mrefu. Halafu simu ikakata.

Bakary alikuwa ameuona uso wake. Akawasha pikipiki.

Waliikuta Carina kabla ya daraja, matairi ya kushoto yapo kwenye majani, ya kulia kwenye lami. Boneti ilikuwa imelala juu ya kioo, imejikunja katikati. Mlango wa mbele kushoto ulikuwa wazi, na Bi Getrude ameketi kwa ubavu, miguu nje, khanga kichwani, Lightness anampangusa vipande vya kioo mapajani. Palikuwa na mchirizi wa damu kwenye kidole kimoja cha mama. Siti alitafuta damu nyingine kwa macho, asiione. Akashuka.

Xaveri alimjia.

Alikuwa mtu mrefu, na alitembea kama anayekwenda kuokota kitu chake. Bakary alijisogeza amzuie, lakini Siti alikuwa amekwisha kusimama mbele ya Xaveri.

"Nani alikaza loki?" Xaveri aliuliza.

"Hakuna. Sikuikaza. Nilikwenda kumpa mama maji, niliporudi nikasahau. Nikakwambia tayari."

"Nilikuwa sioni kitu. Unajua? Nimeshika usukani nimetoa kichwa dirishani kama mbuzi." Mkono wake uliinuka, ukabaki hewani. Akaushusha, akaushika kwa mkono wa pili. "Niliona unanipigia," alisema kwa sauti ya chini. "Tena na tena. Nikasema nitamjibu nikifika, nimwambie boneti imetulia."

Lori likapita, dereva akapunguza kutazama, akaendelea.

"Xaveri," Bi Getrude aliita, "mkesha unaanza jioni. Gari hili litatufikisha ama tutafute lingine?"

Wakaanza kazi. Bakary na Xaveri waliishusha boneti kwa magoti, wakaikalia mpaka mkunjo ukapungua. Bawaba moja ilikuwa imepinda. Bakary akaigonga kwa jiwe ikarudi. Kioo kilikuwa kimepasuka kushoto, upande wa abiria, lakini mbele ya dereva kilikuwa salama. Kwenye loki, boliti mbili zilikuwa zimekwenda kusikojulikana, ya tatu ilining'inia kwa nyuzi zake za mwisho, nayo loki ilikuwa imelala ubavu ikaiachia boneti. Bakary aliinama nyuma ya pikipiki yake, akafungua boliti mbili za kibao cha namba, akatia kibao ndani ya jaketi.

"Kaza wewe," Xaveri alimwambia Bakary. "Huyu asiguse gari langu."

"Nitakaza," Bakary alisema. "Ila yeye ndiye ajuaye loki inakaa wapi. Nikikaza mimi kwa kukisia, utafika Nangurukuru inacheza tena. Chagua."

Xaveri alitazama barabara, akamtazama mama yake. Akatoka njiani.

Siti akapiga magoti mbele ya gari. Alisema bismillahi, akaishusha loki mpaka pale pake, akaingiza boliti ya kwanza, akakaza mpaka spana ikakataa. Ya pili. Ya tatu. Akarudi ya kwanza. Wote walisimama juu yake, na jasho lilimwingia machoni bila yeye kulifuta. Kisha Bakary akatoa ukanda wa mpira wa tairi, wakaifunga boneti kwa juu pia, pande zote mbili, kwa tahadhari.

"Imekaa," Siti alisema. Neno "tayari" halikumtoka.

"Vizuri," Xaveri alijibu. "Basi utapanda nasi. Utakaa pale alipokaa mama."

Bakary alimtazama Siti. Siti alifungua mlango wa mbele, akafagia kiti kwa kiganja cha mkono, akaingia. Bi Getrude akasaidiwa kukaa nyuma, karibu na Lightness.

"Gereji yako nitaifunga," Bakary alisema dirishani. "Funguo ziko wapi?"

"Juu ya boksi la spana."

Alitikisa kichwa, akageuza pikipiki isiyo na namba kuelekea Tingi, kwa yule askari.

Walivuka Matandu kwa mwendo wa mguu. Nangurukuru wakapita kwa hamsini. Ufa wa kioo ulianzia kona ya chini ukapanda mpaka mbele ya macho ya Siti, na nyuma ya ufa ilikuwa boneti iliyokunjamana, ikipanda na kushuka na gari. Hakuitoa macho. Kila kiraka cha lami alikihisi kwenye meno. Mpira waliofungia ulikuwa unavuma kwa upepo, sauti nyembamba isiyokoma, na alijifunza kuitofautisha na sauti nyingine zote, ili nyingine ikitokea aijue.

Baada ya Mavuji, Xaveri akafika sitini. Baada ya Kiranjeranje, sabini. Lightness alikuwa ameacha kulia. Rozari ilikuwa inazunguka upya huko nyuma, kwa mnong'ono, na Siti aliikuta midomo yake mwenyewe ikisoma alichokijua yeye.

"Xaveri," Bi Getrude alisema walipoliacha daraja la Mbwemkuru, "kwa mwendo huu tutawakuta wamemaliza."

Xaveri akamtazama Siti kwa pembe ya jicho. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu waondoke.

"Unasemaje?"

Siti alisikiliza. Mpira, upepo, matairi.

"Ongeza kidogo kidogo," alisema. "Nikikwambia achia, achia."

Themanini. Mkono wa Siti ulikuwa juu ya dashibodi, umefunguka, kama mtu anayemtuliza mnyama. Tisini. Boneti ilikaa. Haikupiga, haikucheza, ilikaa na makunyanzi yake, na barabara ikaingia chini yake, na Mchinga ikaja na kupita na bahari yake kushoto. Siti hakuona furaha yoyote. Aliona tu kwamba anapumua.

Waliingia Lindi jua bado lipo. Nyumba ya ndugu ilikuwa mtaa wa juu, watu wamejaa barazani, sufuria kubwa jikoni nje. Kabla ya kumsalimu mtu yeyote Xaveri alifungua ule mpira, akafungua boneti, akaingiza mkono. Alizishika boliti moja baada ya nyingine, akajaribu kuzizungusha kwa vidole. Alijaribu ya kwanza tena. Akafunga.

"Kesho baada ya misa nitakutafutia basi la kurudi Somanga," alisema. "Kioo tutakizungumza siku nyingine."

"Tutakizungumza," Siti alisema. "Sitakimbia."

Ndugu walikuwa wanamiminika kwenye gari, wanauliza hii boneti imefanya nini, na Xaveri akawajibu kwamba ilifunguka njiani, basi, hakuongeza. Bi Getrude alikuwa ameteremshwa. Aliwapita wanawe na wajukuu waliomnyooshea mikono, akamgeukia Siti.

"Nishike wewe," alisema. "Ngazi hizi ni ndefu."

Siti alimpa mkono. Ovaroli yake ilikuwa na grisi na vumbi la Matandu, na kidole cha mama kilikuwa kimefungwa kipande cha khanga. Wakapanda polepole, wakipumzika kila baada ya ngazi chache, na mapumziko hayo hayakuwa ya Bi Getrude peke yake.